Ndimi Kumi na Sita

Usiku ule simu ya Taraivini ilitundikwa kwenye msumari wa dirisha la jikoni, ndani ya kopo la maziwa lililokatwa mdomo, kwa kuwa hapo tu ndipo mtandao uliposhika katika nyumba nzima. Ukiitoa koponi ukaipeleka sikioni, sauti inakatika. Kwa hiyo mtu akipigiwa simu kijijini Waivou huinamisha kichwa dirishani kama anayechungulia ya watu, na majirani husikia yote. Siri haipiti kwenye kopo lile.

Sala ya jioni ilikwisha, mihogo ikaliwa, sahani zikaoshwa, na Taraivini akaziosha tena. Binti yake Losena, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto kwenye mkeka, akamwambia, "Mama, sahani hizo zitatoboka."

"Acha zitoboke. Mikono ikikaa bure, roho ndiyo inayochapa kazi."

"Pranita kasema atapiga wakimaliza. Basi hawajamaliza."

"Au wamemaliza, na hana la kunieleza."

Aliyesubiriwa ni Pranita, fundi wa kike kutoka mjini Suva. Asubuhi ile kisanduku cha mtoni, kile kionjacho maji, kilipelekwa kwa Baraza la Mto kiulizwe swali lake mbele ya mashahidi. Kikijibu sawasawa, vipimo vya miezi kumi na minne vilivyofungiwa ndani yake vingefunguka, na Baraza lingejionea kile ambacho kiwanda cha nguzo kilikuwa kikimwaga mtoni kila mvua ya usiku iliponyesha. Kisipojibu, vipimo vile ni takataka. Mfereji wa kiwanda ungeendelea kumwaga, na mtoto yule aliyekuwa akinyonya angekua akiogeshwa maji yale yale.

Simu ililia. Taraivini akajigonga kichwa kwenye ubao wa dirisha.

"Mama Taraivini?"

"Sema, mwanangu."

"Kimekataa."

"Kimekataa nini?"

"Kujibu. Ndimi sita tu ndizo zimejibu kama zamani. Zinatakiwa kumi na tatu." Sauti ya Pranita ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia, sasa anaongea kwa pua. "Wakili wa kiwanda kasimama akasema hiki sicho kisanduku kilichosajiliwa. Eti kimebadilishwa."

"Na nani?"

 Dirishani kwa jirani kichwa kikachomoza.

"Na nani, nakuuliza?"

"Ufunguo wa kibanda ulikuwa kwa nani, mama?"

Taraivini akaishika kamba iliyokuwa shingoni mwake. Ufunguo wa kibanda cha mtoni, kilimokaa kisanduku, ulikuwa pale, kifuani, mahali ulipolala kila usiku tangu siku ya kwanza.

*

Huyu Taraivini hakuwa mtu wa mabaraza. Shule aliachia darasa la sita, mwaka ambao mama yake aliugua mgongo, akaingia mtoni badala yake. Wanawake wa Waivou huzamia kome: unashuka mpaka kwenye tope la chini, unawapapasa kwa vidole vya miguu na vya mikono, unawatia kapuni, unapanda kuvuta pumzi, unashuka tena. Yeye alikaa chini kuliko wote. Mtani wake Jolame, binamu yake kwa upande wa mjomba, ambaye baadaye alikuja kuwa mwenyekiti wa kijiji, alizoea kusema, "Huyu tukimzika, tumzike na jiwe juu, asije akapanda kuvuta pumzi."

"Nawe tukuzike mdomo chini," Taraivini humjibu, "upate kuwaongopea mchwa."

Alikuwa na sifa nyingine: wasiwasi. Alifunga mlango akarudi kuusukuma. Alizima jiko akarudi kuligusa. Watoto wake wanne aliwahesabu usingizini mpaka walipoota ndevu na kuolewa. Watu walimcheka kwa hilo, naye hakukasirika; alisema asiye na wasiwasi hana kitu cha kupoteza.

Wasiwasi wake ndio ulioona mwanzo wa mambo. Kiwanda cha nguzo kilijengwa juu ya mto, kule wanakochovya miti kwenye dawa ya shaba ili mchwa wasiile. Mwaka wa pili, Taraivini aligundua kwamba baada ya mvua ya usiku, kome wa asubuhi wanakutwa wamefumbua midomo. Kome mzima hukaa amefumba. Halafu mikono ya wazamiaji ikaanza kubanduka ngozi, kwanza yake, kisha ya Losena. Wakaandika barua. Wakubwa wakaja mchana wa jua kali, wakatazama mto, wakasema mto mzuri. Wanawake wakajaza maji chupani siku ya mvua, wakayapeleka Suva. Kiwanda kikasema, nani ajuaye chupa hiyo imejaziwa wapi? Wanawake wakarudi na kapu tupu na matusi tumboni.

Ndipo Pranita akaletwa, na kisanduku chake.

Hakikuwa kikubwa, unaweza kukidhania kopo la biskuti la Krismasi. Ndani yake mlikuwa na vihisi kumi na sita, vidogo kama kucha ya mtoto, vya kuonja kilichomo majini. Waivou wakaviita ndimi. Pranita alikaa mkekani akawaeleza wanawake.

"Chupa ni ya kila mtu, yeyote anaweza kuijaza. Hiki hakina pacha. Kila ulimi nimeupaka tone la dawa, na tone likikauka linakauka linavyotaka lenyewe. Hata mimi niliyeupaka siwezi kutengeneza wa pili unaofanana nao."

"Kama maandazi ya Jolame," Taraivini akasema. "Moja jiwe, moja tope."

"Hayo maandazi unayala mpaka sahani inalambwa," Jolame akajibu kutoka mlangoni.

"Kama maandazi hayo hayo," Pranita akacheka. "Sasa, nikikionjesha maji ya chupa yangu hii ninayoijua mwenyewe, kila ulimi unajibu kwa namna yake. Majibu kumi na sita yakiunganishwa yanakuwa namba ndefu. Hiyo namba ndiyo ufunguo. Haikuandikwa popote; daftarini mna alama tu ya kutambua ulimi upi umejibu kama siku ya kwanza. Kisanduku hukifungia kila kipimo kwa namba hiyo, na siku ya kufungua tunakiuliza tena kwa chupa ile ile. Akikitoa mtu akaweka kingine, akabadilisha hata ndimi, namba haitatoka, vipimo havitafunguka."

"Na ndimi zikizeeka?"

"Tumeziachia kidogo. Zikikosea tatu, tunasamehe. Zikikosea zaidi, basi huyo si yeye."

Taraivini aliuliza mara tatu, kwa maneno matatu tofauti, mpaka wenziwe wakaguna. Hapo hapo Pranita akasema huyu ndiye atakayeshika ufunguo wa kibanda.

*

Asubuhi ya pili baada ya simu ile, Jolame alikuja. Hakutania mlangoni, na hilo peke yake lilimtia Taraivini baridi. Alikaa, akapewa chai ya majani ya mlimau, akainywa yote.

"Meneja wa kiwanda kanipigia," akasema. "Mtu mzuri tu. Anasema hataki polisi. Anasema tupeleke jino la nyangumi, tuombe radhi kwa desturi, yeye atalipokea, na shauri linakwisha. Hakuna atakayeitwa mwizi."

"Tuombe radhi ya nini?"

"Ya kisanduku."

"Nimekifanya nini kisanduku?"

"Binamu, mimi sijasema umekifanya kitu."

"Basi jino linakwenda kusema nini? Jino la nyangumi halina mdomo wa kubahatisha, Jolame. Likishapokelewa, kosa limekuwa langu mpaka kwa wajukuu. Wataniita bibi aliyebadilisha kisanduku. Na mfereji?"

Jolame akageuza kikombe. "Mfereji tutauzungumza baadaye."

"Baadaye ya lini? Onyesha mkono wako."

"Mkono wangu wa nini?"

"Uonyeshe tu." Akauweka mkono wake karibu na wa Jolame. Wa Jolame ulikuwa mweusi mzima, umelainika kwa mafuta. Wake ulikuwa na mabaka mekundu toka kiwiko mpaka kucha. "Mwenye mkono kama huo ndiye anayeweza kungoja baadaye. Mimi siombi radhi kwa mtu anayenimenya ngozi."

"Ukikataa, mimi nitasimama wapi? Wazee wamekwisha kulitoa jino."

"Simama kwenye miguu yako. Unayo miwili, japo mibaya."

Hapo Jolame alicheka bila kutaka, akaondoka. Lakini jino lilikuwa limekwisha kutolewa, na Waivou nzima ilijua, maana simu ya meneja Jolame aliipokea dirishani.

*

Jioni Pranita alishuka na basi la mwisho. Hakungoja kukaribishwa, alikaa mkekani akakunja miguu upande kama wafanyavyo wanawake wa pale, akaanza kusema huku akiitazama mikono yake.

"Mama, nisaidie kukumbuka. Nani aligusa kile kisanduku? Chochote. Mtoto, kuku, mtu yeyote."

"Hakuna aliyekigusa. Nilikwenda asubuhi na jioni. Nilivuta kufuli, nikarudi nikalivuta tena. Wewe wanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana silali." Akafuta pua. "Ni mimi niliyekiandaa kwa ajili ya Baraza. Nilitaka kiende safi, wasipate la kusema. Nilipofungua kifuniko kikaninukia maua, nikashangaa, nikasema labda ni dawa ya wadudu, nikaosha ndimi zote kwa spiriti. Ziling'aa kama mpya. Sasa najiuliza—"

"Kilinukia nini?"

"Maua. Kama yale mafuta yenu ya—"

Pranita hakumaliza, kwa kuwa Taraivini alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili. Losena akadhani mama yake analia. Alikuwa analia kweli, lakini mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko pia.

"Maua ya makosoi," akasema ndani ya viganja. "Ni mafuta yangu. Mungu wangu, ni mafuta yangu mwenyewe."

Ikawa hivi. Siku ya kukisimika kisanduku, kijiji kilikuwa na sherehe. Wanawake walicheza ngoma ya kukaa, wamejipamba mashada. Desturi ya pale, mtu anayecheza mbele za watu hachezi hivi hivi. Shangazi na dada humwendea katikati ya ngoma wakampaka poda shingoni, wakampaka mafuta mazuri, wakamtia peremende mdomoni, ndiyo kumwambia umependeza, wewe ni wetu. Mchezaji asiyepakwa poda anaonekana hana watu. Pranita mwenyewe siku ile alipakwa mpaka nyusi zikawa nyeupe, kisha akaitwa chai. Kisanduku kikabaki peke yake mezani, kimefunguliwa, kikingoja kushushwa mtoni.

"Mke wa mchungaji akasema, maskini, kinakwenda kucheza peke yake na hakuna hata aliyekipaka," Taraivini alieleza. "Tukacheka. Nikachukua chupa yangu ya mafuta, nikakidondoshea. Kila ulimi tone lake, sikupendelea. Mwenzangu akapulizia poda. Tukakifunika. Ukatoka kwenye chai, ukakiuliza swali lako."

Pranita alikuwa ameacha kulia. "Kabla ya swali la kwanza?"

"Kabla. Wewe ulikuwa hujarudi."

"Na mimi sikusikia harufu."

"Ungeisikiaje? Kijiji kizima kilinukia hivyo. Wewe mwenyewe ulinukia hivyo."

Pranita akainuka akazunguka chumba, akaketi tena. "Kwa hiyo ndimi ziliyanywa mafuta kwanza, ndipo zikajibu. Ufunguo wa siku ya kwanza ulizaliwa na mafuta yako ndani yake. Poda si kitu, ni vumbi la mawe. Lakini mafuta... mama, hukukiharibu wewe. Nimekiharibu mimi, nilipokisafisha."

"Hatukukiharibu sisi wawili, kama kinaweza kupakwa tena."

"Labda. Majibu hayawezi kurudi yote. Labda kumi, labda kumi na mbili. Na mama, ili tupewe ruhusa ya kukipaka, lazima useme mbele ya Baraza kwamba uliweka kitu ndani. Wakili ataling'ang'ania hilo neno kama mbwa na mfupa."

Jolame alikwishafika mlangoni. Dirisha lilikuwa limempa habari. "Lisisemwe," akasema. "Binamu, hilo lisisemwe. Mpaka sasa wanakushuku tu. Ukisema niliweka, umejifunga kamba mwenyewe. Jino limeshatoka, twende nalo, tukae kimya."

Losena alimtazama mama yake. Alijua usiku ule hatalala, atakuwa anahesabu nani atasema nini na wajukuu wataitwaje. Hata sasa vidole vyake vilikuwa vikitafuta ufunguo shingoni. 

"Nisilolifanya siliombei radhi," Taraivini akasema. "Nililolifanya nitalisema mwenyewe, kwa kinywa changu, kabla hawajaniuliza. Losena, kesho kwea ule mkosoi wa nyuma ya kanisa, unichumie maua. Chupa ile ya zamani iliisha, lakini mkono ulioyapika mafuta ni huu huu."

*

Chumba cha Baraza la Mto kilikuwa ghorofani, na feni yake ililia kama panya. Mwenyekiti, Bi Ulamila, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Kisha akampa wakili wa kiwanda nafasi. Wakili alikuwa kijana nadhifu, sulu yake, ile shuka rasmi ya kiunoni, imenyooshwa ikakata kama karatasi, na alizungumza kwa upole uliopita kiasi.

"Mama, uliweka kitu ndani ya kisanduku hiki?"

"Niliweka."

Watu wa Waivou walioketi nyuma wakaguna. Jolame akatazama viatu vyake.

"Nini?"

"Mafuta ya nazi yenye makosoi. Na poda."

"Kwa hiyo unakiri mbele ya Baraza kwamba ulikichezea."

"Sikukichezea. Nilikipamba."

"Tofauti yake ni nini, mama?"

"Wewe ni mtoto wa wapi, baba?"

Wakili akatabasamu. "Naitai. Lakini hilo si—"

"Ulipocheza ngoma ya shule utotoni, shangazi zako walikuja kukupaka poda shingoni?"

"Kila mtoto hupakwa."

"Walikuchezea?"

Kicheko kilianzia nyuma kikafika mpaka kwa karani. Wakili alijigusa shingo kabla hajajizuia. Bi Ulamila akagonga meza kwa kalamu, lakini polepole.

"Nilikipamba kabla hakijaulizwa swali la kwanza," Taraivini akaendelea. "Hicho nilichokipamba ndicho mlichokiandika daftarini. Hakukuwa na kingine. Ndimi zilipooshwa, ndipo kilipoacha kujijua."

Pranita akasimama bila kuitwa. "Niliosha mimi. Mama huyu hakuwapo."

Wakili alifikiri. Alikuwa mwepesi. "Kama ni hivyo, Mheshimiwa, mafuta yanaweza kufungua kisanduku chochote. Wakikipaka cha uongo kikajibu, tutajuaje? Naomba kitolewe kingine ghalani, kisichowahi kufika Waivou, kipakwe mafuta hayo hayo, kiulizwe sambamba."

Kijiji kizima kikamgeukia Pranita. Pranita akainamisha kichwa, akasema, "Nakubali," na mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mtoto huyu katuuza."

Ikaamuliwa: vyote viwili vipakwe mafuta mapya ya Taraivini, jaribio lifanyike chumba cha ndani, mlango umefungwa, wawepo mwenyekiti, fundi, wakili, na shahidi mmoja wa kijiji. Aliyeshukiwa asiwepo. Shahidi atakuwa Jolame.

Jolame alisimama na kikapu chake mkononi. Taraivini alijua kilichomo; kamba ya jino la nyangumi ilichomoza pembeni.

"Hicho kinakwenda wapi?"

"Nimekishika tu. Likitokea la kutokea, niwe tayari pale pale, yaishe kwa heshima."

"Nipe."

"Binamu—"

"Jolame. Ukiingia na jino, umeingia na jibu. Nipe."

Walitazamana. Tangu utotoni walikuwa wametukanana kila siku ya Mungu, na hawakuwahi hata mara moja kunyang'anyana kitu. Jolame akakitua kikapu benchini. "Mkono wako mchafu," akasema.

"Na wako laini. Ingia."

Mlango ukafungwa.

Benchi lilikuwa la mbao ngumu, refu kama la kanisani. Karani alikuja akamwambia angeweza kwenda kunywa chai chini, jaribio huchukua muda. Taraivini akamshukuru, hakwenda. Afisa mmoja wa kiwanda akapita, akarudi, akasimama.

"Mama, kwa nini ujisumbue? Meneja bado yu radhi. Neno moja tu la desturi na sote tunakwenda nyumbani."

"Mimi niko nyumbani," Taraivini akamjibu. "Ninyi ndio mlioshuka mtoni kwangu."

Afisa akaondoka. Losena, aliyekuwa amembeba mtoto, akasogea karibu akamwekea mama yake kiganja mgongoni, akahisi moyo ukipiga mpaka upande huu. Ndani hapakusikika kitu. Halafu sauti ya Pranita, ikisoma namba, na sauti ya wakili ikimtaka arudie.  Taraivini alianza kuhesabu pumzi zake kama ahesabuvyo chini ya maji. Mara moja alifika mahali ambapo mzamiaji yeyote angekwisha kupanda, akaendelea. Mara ya pili vile vile. Alifikiri: ndimi kumi na mbili. Itakuwa kumi na mbili, itapungua moja, nao watasema sheria ni sheria. Akafikiri: kama ni kumi na mbili, nitarudi kesho, na kesho kutwa, nitakaa kwenye benchi hili mpaka waote ukungu wao. Mwizi hakai mlangoni pa aliyemwibia.

"Mama," Losena akanong'ona, "pumua."

Kitasa kikazunguka.

Aliyetoka kwanza ni Jolame. Uso wake haukusema kitu, na Taraivini, aliyeujua uso ule tangu ukiwa na kamasi, hakuweza kuusoma. Nyuma yake wakili alikuwa akikunja karatasi zake polepole, bila kumtazama mtu.

"Kile cha ghalani," Jolame akasema, "kimepakwa mafuta mpaka kinateleza. Ndimi mbili."

"Na chetu?"

"Chako kinanuka kama bibi harusi wa zamani."

"Jolame, nitakupiga mbele za watu."

"Kumi na nne," Jolame akasema, na hapo, mwenyekiti mzima wa kijiji, akalazimika kutazama feni. "Kumi na nne, binamu. Vipimo vimefunguka. Wamesoma cha kwanza. Shaba mtoni, usiku wa mvua, tarehe na saa. Na cha pili. Wakili kasema inatosha, Bi Ulamila kasema haitoshi, visomwe vyote."

Nyuma watu wa Waivou walikwishaanza kupiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, yale mazito ya heshima, si ya ngoma. Taraivini hakupiga. Alikuwa bado anavuta pumzi.

Bi Ulamila akatokea mlangoni, miwani ikining'inia kifuani. "Mtunza kisanduku yuko wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu ile simu.

"Niko hapa."

"Ingia. Vinasomwa vipimo vyako, uwepo."

Taraivini akakisukuma kikapu cha Jolame kwa mguu mpaka chini ya benchi, akasimama, akanyoosha gauni lake, akaingia. Karani akamfuata, akashika kitasa ili aufunge mlango kama ulivyokuwa.

"Uache," Taraivini akasema bila kugeuka. "Wote walioko nje huoga mto huo. Wasikie."

Karani akamtazama mwenyekiti. Bi Ulamila akavaa miwani yake, akafunua karatasi ya tatu, akaanza kusoma kwa sauti, na mlango ukabaki wazi.